Chumvi Katika Dumu la Maji

 Wasikilizaji wapenzi, natumai jua limekwisha kutua huko mliko, taa zimewashwa, na chakula cha usiku kama hakijaiva basi ki motoni. Nimepewa robo saa nizungumze nanyi juu ya habari za mji wetu wa Pangani, nami nimeona si vyema niimalize robo saa hiyo kwa kuhesabu mambo ya juma moja baada ya jingine, kama karani asomaye daftari lake, ilhali mambo yenyewe, mtu akiyatazama kwa makini, yana asili moja.

Wako watu wadhanio kuwa habari ni ile tu itokayo katika mji mkubwa, penye bunge na mabenki na majumba ya ghorofa, na kwamba mji mdogo kama huu wetu, ambao wilaya yake nzima katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuwa na watu 54,025, hauna la kusema ila mazishi, harusi na bei ya samaki. Mimi sikubaliani nao. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na maana yake, kwa ninavyoielewa, ni kwamba jambo hupimwa kwa kimo cha yule linayemfika. Mama aliyeamka alfajiri akaenda kisimani, akarudi na ndoo ya maji yasiyofaa kupikia uji wa mtoto, huyo amepata habari iliyo kubwa kwake kuliko zote zitakazosomwa siku hiyo, na mji ambao haumsikilizi mama huyo utakuwa haujisikilizi wenyewe.

Wakati wa ukame, mvua za masika zikiwa zimekwisha kupita na za vuli hazijawadia, ziko habari nne zisizokosa kusemwa katika mji huu, barazani, sokoni na penye kijiwe cha bodaboda. Ya kwanza ni ya maji: kwamba kisima fulani kilicho karibu na mto kimeanza kuwa na ladha ya chumvi, na kwamba dumu la maji matamu limepanda bei kwa wauza maji wenye mikokoteni. Ya pili ni ya shamba: kwamba migomba ya fulani, kandokando ya mto, imeungua majani kuanzia ncha, na minazi yake inapukutisha vidaka kabla havijawa madafu. Ya tatu ni ya ufukwe: kwamba bamvua iliyopita imekula hatua nyingine ya ardhi, na mnazi uliokuwa mbali na maji zamani za babu sasa umelala kifudifudi juu ya mchanga. Ya nne ni ya bahari: kwamba samaki wa karibu wamepungua, na kamba waliokuwa wakipatikana mlangoni mwa mto hawaonekani kama walivyozoeleka.

Habari hizi nne watu huzisema mbalimbali, kama misiba minne ya nyumba nne. Mwenye kisima humlaumu aliyekichimba, mwenye shamba hulaumu wadudu, mwenye nyumba ya ufukweni hulaumu mwezi, na mvuvi humlaumu mvuvi mwenzake. Usiku huu nataka kudai, na nitajitahidi kuthibitisha, kwamba hiyo ni habari moja, nayo ni habari ya mto.

Kwa wale wasiopata kufika kwetu, mji wa Pangani umekaa katika ukingo wa kaskazini wa mto uitwao kwa jina hilohilo, pale hasa mto unapoingia baharini, mwendo wa kilomita hamsini hivi kusini ya Tanga. Ng'ambo, upande wa kusini, iko Bweni. Baina ya pande hizi mbili hupita pantoni, na juu ya pantoni hiyo hupita maisha yetu yote: wanafunzi, wagonjwa, magunia ya nazi, pikipiki, maharusi na majeneza. Ndiyo maana nasema mto ni barabara yetu kuu. Atakaye kujua mji unasemaje na asimame penye gati akingoja pantoni irudi, asikilize tu, wala asiulize. Hatavuka ila amekwisha kuzisikia habari zote nne nilizozitaja.

Walakini mto huu tunaouona mlangoni haukuzaliwa hapa. Umetoka mbali, kadiri ya kilomita 500. Maji yake ya kwanza hutiririka kutoka mlima Meru na mlima Kilimanjaro kwa njia ya Kikuletwa, na mengine huja kwa njia ya Ruvu kutoka mashariki ya Kilimanjaro na ziwa Jipe lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mito hii miwili huonana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto huteremka katika nyika kavu chini ya milima ya Upare, ukapokea maji ya Mkomazi, ukapita Korogwe, ukaongezewa na Luengera itokayo Usambara, kisha ukaanguka katika maporomoko ya Hale na Pangani, ndipo ukafika kwetu, umechoka na umetawanywa, kama mgeni aliyepita nyumba nyingi akiombwa zawadi katika kila nyumba, akawasili kwa ndugu yake wa mwisho mkoba mtupu.

Na nyumba hizo alizopita si haba. Huko juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga wamechimba mifongo, yaani mifereji, ya kumwagilia migomba yao tangu zama za mababu, kazi ya maarifa makubwa inayostahiki heshima. Chini yao yako mashamba makubwa ya miwa na mpunga. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya sitini ya karne iliyopita, na maji yake yametandaa katika bonde lenye jua kali, ambako kila siku sehemu yake hupanda hewani kwa mvuke isirudi tena mtoni. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na kile kipya cha maporomoko ya Pangani, chenye uwezo wa megawati 68, kilianza mwaka 1995. Umeme huo huwasha taa za watu wengi, na sisi tumo miongoni mwao. Mpunga huo tunaula. Sukari hiyo tunaitia katika chai yetu. Kwa hiyo asidhani msikilizaji kuwa nimekuja kuwashitaki ndugu zetu wa juu. Mtu hawezi kumlaumu jirani kwa kunywa. Lakini anaweza, kwa adabu, kumwuliza kama amekumbuka kuwa chini yake kuna mwingine mwenye kiu.

Sasa tuone chumvi huingiaje. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto, na maji ya mto yanapokuwa mengi, yenye nguvu, huyasukuma yale ya bahari yakabaki mlangoni. Mto ukidhoofika, yale mazito hupenya chini chini, kama mtu apitaye chini ya chandarua, na kila maji yakijaa hupanda mto hatua kadhaa mbele ya pale yalipokomea jana. Katika pwani yetu bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita tatu hata nne wakati wa bamvua. Huo ni ukuta wa maji unaosukuma mara mbili kila siku, hauchoki wala hauendi likizo. Kinga yetu dhidi yake ni maji matamu yashukayo kutoka juu, na kinga hiyo ikipungua, chumvi huingia katika ardhi ya kingo, ikafika mizizini mwa migomba na chini ya visima. Hivyo mama mwenye ndoo na mkulima mwenye migomba iliyoungua wamepatwa na jambo moja kwa saa moja, ijapokuwa hawajapata kukutana wakaliongea.

Kwamba mto huu ulikuwa mtamu hata karibu na mji, historia yenyewe ni shahidi. Katika karne ya 19 kingo zake zilijaa mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ilisafirishwa kwa majahazi. Mua si mmea wa kustahimili chumvi. Usingalistawi pale ambapo maji ya bahari yanatawala. Hatuna budi kusema pia, kwa insafu, kwamba miwa hiyo ilipandwa na kukatwa kwa jasho la watumwa, na utamu wake ulikuwa na uchungu ndani yake. Abushiri bin Salim, ambaye jina lake kila mtoto wa shule hulijua kwa vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani, vita vilivyoanzia katika mji huu, alikuwa mwenye shamba la miwa kando ya mto huu; na alipokamatwa aliletwa hapahapa akanyongwa mwezi wa Desemba 1889. Mji wetu, basi, mdogo kama ulivyo, umekwisha kuona makuu, na makuu hayo yote yaliota katika udongo ulionyweshwa na mto.

Nije katika habari ya ufukwe. Mto huleta maji na huleta mchanga na tope. Kwa karne nyingi mchanga huo ulifika mlangoni, bahari ikauchukua ikautandaza pwani, na kile ambacho mawimbi ya kusi yaliondoa, mto ulikirudisha. Bwawa, kwa tabia yake, hukamata tope na mchanga ukatulia chini, na yashukayo kutoka hapo ni maji pasina mzigo wake. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba bahari za dunia zinapanda kwa ajili ya joto linaloongezeka, na ya tatu ni mikoko tuliyoikata wenyewe. Ukuta umejengwa mbele ya mji kuzuia mawimbi, na ni kazi ya kushukuriwa. Lakini ukuta hulinda mahali uliposimama tu, na bahari iliyokatazwa mlango mmoja hubisha hodi kwenye mlango wa pili.

Anayetaka kuona mwisho wa ajizi na aangalie kisiwa cha Maziwe, mbele ya pwani yetu. Wazee walio bado hai wanakikumbuka kikiwa na mivinje, kivuli na ndege, na kasa walikuwa wakipanda hapo kutaga kwa wingi ambao haukuwa na kifani katika pwani nzima ya Tanzania. Kilitangazwa kuwa hifadhi katika miaka ya sabini; walakini tangazo halikuuzuia mchanga kuondoka, na kabla ya miaka ya themanini kwisha miti yote ilikuwa imeanguka. Leo Maziwe ni fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa, na yakijaa likamezwa. Kasa hawajasahau, wangali wakija kutaga, na watu wema huyachukua mayai yao wakayafukia katika ufukwe wa Ushongo, barani, yasipate kuozeshwa na maji. Mimi kila nikumbukapo jambo hilo moyo wangu huingia simanzi, na papo hapo hupata ghera: kwamba mnyama asiye na usemi amekuwa mwaminifu kwa kwao kuliko wengi wetu, na kwamba wako binadamu waliomwonea huruma wakambebea mayai.

Habari ya nne, ya samaki, nayo yaanzia mtoni. Mlango wa mto ni shule ya watoto wa samaki. Katika mizizi ya mikoko, ambamo maji matamu na ya chumvi huchanganyika na majani yaozayo huwa chakula, kamba na samaki wengi huanza maisha yao wakiwa wadogo kama punje za mchele, wakijificha wasiliwe, hata wakomae watoke kwenda baharini. Mikoko hiyo, mkandaa, mchu na magondi, ikiondoka, shule hiyo imefungwa, na mvuvi atakayetupa jarife lake miaka mitatu baadaye atashangaa kwa nini bahari imekuwa kiwanja kitupu. Na hapa ndipo nisemapo nanyi kwa ukali kidogo, kama mzazi asemavyo na wanawe, maana mikoko hii haikukatwa na mtu wa Moshi wala wa Arusha. Tumeikata sisi kwa boriti, kwa tanuri za chokaa, na kwa kuni. Usiku wa giza, wakati hakuna mbaramwezi, wavuvi wetu hutoka na taa kuwavuta dagaa, na asubuhi kina mama huwasha meko pwani wakachemsha na kuanika, kazi ngumu na ya halali inayosomesha watoto wengi wa mji huu. Lakini kuni za kuchemshia dagaa zikitoka katika mikoko, leo tunapika chakula kwa kuteketeza ghala la kesho.

Wasikilizaji wapenzi, mtaniuliza: ikiwa mambo ni hayo, sisi wa mlangoni, wa mwisho katika foleni ya maji, tufanye nini? Jawabu langu ni kwamba tuanze kwa kujua kwamba maji tunayoyadai ni haki. Ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, iliundwa mwaka 1991, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, kwa kazi hii hasa ya kugawa maji ya mto mmoja baina ya watu wengi. Na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imepanga daraja: kwanza maji ya mahitaji ya nyumbani, ya kunywa na kupikia, na baada yake akiba ya mazingira, yaani maji yanayopaswa kuachwa mtoni ili mto wenyewe uishi, ndipo yafuate matumizi mengine. Tafakarini maneno hayo. Ndoo ya yule mama imetangulizwa mbele ya kinu cha umeme na mbele ya shamba la miwa, na mto umepewa fungu lake kama mrithi anayetambuliwa. Lakini haki iliyoandikwa haitembei yenyewe kwa miguu yake kutoka kitabuni hata kisimani. Yahitaji wa kuifuata.

Na kuifuata hakutaki ugomvi. Sheria imeruhusu jumuiya za watumiaji maji, ambamo wakulima, wafugaji, wavuvi na wenye nyumba huketi pamoja. Katika mikutano ya namna hiyo aliye karibu na chemchemi husikika kwa urahisi, maana maji yako mikononi mwake. Aliye mlangoni husikika akiwa na hoja na hesabu. Kwa hiyo nawasihi walimu wetu na vijana waliosoma: pimeni. Andikeni katika daftari siku ambayo kisima kimeanza kuwa na chumvi na siku ambayo kimerudi kuwa kitamu. Wekeni alama katika mti ili ijulikane chumvi imepanda mto hata shamba la nani mwaka huu, na hata la nani mwaka ujao. Mzee akisema, ‘zamani maji yalikuwa matamu,’ watu humhurumia. Daftari la miaka kumi likisema hivyo, watu hulijibu.

Siku hizi macho ya wengi yako kwenye daraja. Serikali imeanza ujenzi wa daraja lenye urefu wa mita 525 kuuvuka mto wetu, katika barabara itakayotuunganisha na Tanga upande mmoja na Saadani hata Bagamoyo upande wa pili, na furaha ya watu ni kubwa, nami nimo ndani yake, kwani nimepata kukaa gatini usiku na mgonjwa wa nyumbani mwangu nikingoja chombo kilichokuwa ng'ambo, na saa ile sitaisahau. Daraja litaleta wageni, bidhaa na nafasi za kazi. Lakini tukumbuke kwamba daraja hupita juu ya maji bila kuyagusa, wala haliyatii utamu. Wageni watakaokuja watataka maji ya kunywa, samaki wa kula na ufukwe wa kukaa, na vitu hivyo vitatu vyote vinatoka katika mto huohuo watakaokuwa wakiuvuka kwa dakika moja bila kuutazama.

Basi nawaombeni, ndugu zangu, kabla ya kuagana. Mwenye shamba kingoni aache ukanda wa miti baina ya jembe lake na maji. Mwenye meko pwani atafute kuni za mvinje au za minazi iliyozeeka, auache mkoko usimame. Mkutano wa maji ukiitishwa, nendeni, na kina mama waende kabla ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wajuao uzito wa ndoo. Na nyinyi mnaotusikiliza huko Korogwe, Same, Mwanga, Moshi na Arusha, mkifungua mfereji asubuhi kumwagilia, mwagilieni kwa kiasi, kisha mfunge. Kwani maji mtakayoyaacha yapite yatatufikia baada ya siku nyingi, nasi tutayaonja, na tukiyakuta matamu tutajua kwamba mmetukumbuka. Usiku mwema, na Mungu atujaalie mvua ya heri.